Kinyoya Uani kwa Bi Zuwena

Tangu nirudi Mombasa sijapata kunywa chai ya moto pale klabuni. Nikikaa tu, mmoja ananiuliza Maskati kukoje, wa pili anauliza kama yule Mjapani alifika salama, wa tatu anataka kujua kama ni kweli nilifungwa seti nzima bila kupata pointi. Nimeeleza kwa vipande mpaka vipande vyenyewe vimeanza kupingana, na wiki iliyopita nilimkuta mwenyekiti wetu akiisimulia safari yangu kwa ufasaha kunishinda mimi niliyesafiri. Basi naandika yote mara moja, asome atakaye. Mambo ya tikiti na vibali nimeyaacha. Yalinichosha mimi, sioni sababu yawachoshe na nyinyi.

Mitsue Hatano mlimwona wenyewe alipokuja na wenzake kutuonyesha mchezo: msichana wa miaka ishirini, mfupi, mpole, aliyetuinamia sote mpaka mlinzi wa lango. Japani yeye ni mfanyakazi wa kiwanda cha nyuzi, ingawa nyuzi hazijui sana. Kazi yake hasa ni kukichezea kiwanda badminton. Wenzake walirudi kwao, yeye akaomba apitie Maskati, kwa kuwa baba yake ni fundi wa mitambo huko, kwenye bandari ya mafuta. Na mimi Ami Nasor, ndugu wa baba yangu, alikuwa ameniita nikawatazame yeye na mkewe, maana serikali mpya ya Oman imewafungulia mlango watu wetu waliotawanyika tangu mapinduzi ya Unguja mwaka sitini na nne. Mwenyekiti akatutazama, akasema Mungu ameshapanga. Kwa hiyo mimi, mwanamke mwenzake, nikawa msindikizaji.

Treni ya Nairobi

Kiingereza chetu kilikuwa kimoja, yaani kibovu, kwa hiyo tulielewana vizuri. Taabu ilianza na mhudumu wa chai. Alimmiminia Mitsue kikombe, Mitsue akainama kushukuru. Mhudumu akadhani ameomba kingine. Mitsue alikunywa, kwani kwao kuacha kikombe kimejaa ni utovu wa adabu, na mhudumu akamimina, kwani kwake kuacha kikombe kitupu mbele ya abiria ni kutojua kazi. Tulipofika Voi wote wawili walikuwa wamechoka na hakuna aliyekuwa tayari kumwaibisha mwenzake. Niliingilia kati, nikachukua kikombe nikakifunika kwa mkono. Wakanitazama kama mtu asiyelelewa.

Hapo ndipo aliponieleza shida yake. Kule kwao wakubwa wa mchezo wamemwambia yumo katika hesabu ya timu ya taifa. Lakini mama yake ameshamtafutia mchumba, mtoto wa muuza miwani wa mji wao, na mwaka mpya ukiingia anatakiwa ama aolewe, ama abaki kiwandani aendelee kucheza. Neno ni la baba. Na baba, ambaye maisha yake yote yamepita kwenye mitambo ya nchi za watu, hajawahi kumwona akicheza hata siku moja.

"Atanitazama mara moja," alisema, "kisha ataamua."

Nilimuuliza yeye mwenyewe anataka nini. Alifikiri mpaka tukapita stesheni nzima, akasema anataka kucheza, kisha akaomba radhi kwa kusema.

Karachi

Ndege ilitufikisha Karachi, na meli ya Maskati ilikuwa imeondoka jana yake. Tukakaa kuisubiri nyingine katika nyumba ya wageni ya mjane mmoja aliyeamini kwamba pilipili ni mboga. Mimi nilizaliwa Unguja na najua pilipili, lakini ile ilinitoa machozi. Mitsue alikula sahani nzima bila kukunja uso, akainama, akaletewa ya pili. Nilikuwa nimeshajifunza. Nilimfunika sahani.

Kila asubuhi alikuwa akipanda darini kufanya mazoezi kwenye ukuta. Akikipiga kile kinyoya kwa raketi kinatoa mlio mkavu, mzito kuliko unavyotegemea kutoka kwa kitu kilichotengenezwa kwa manyoya ya bata na kizibo. Siku ya tatu jirani alibisha hodi. Nikajiandaa kuomba radhi. Kumbe bwana yule alikuwa akisikia ule mlio toka mtaa wa nyuma na kuusifu: huyo seremala wenu, alisema, hakosei hata msumari mmoja, na yeye jirani ana kabati la kutengenezwa, je, anachukua kazi za nje? Nilimwambia seremala huyu ana kazi Maskati. Alisikitika kweli.

Baharini

Juu ya meli nilikuwa mgonjwa, na kuhusu bahari sina zaidi la kusema. Mitsue hakuumwa. Alitafuta nafasi baina ya mizigo na mabwana waliokuwa wakicheza karata, akaanza kupiga kinyoya juu, na upepo ukakichukua ukakipeleka baharini. Akatoa kingine, kikafuata. Mzee mmoja wa Kibalushi alimwonea huruma, akasema ana jamaa anayefahamiana na msaidizi wa nahodha, akitaka atamwomba asimamishe meli. Nilimtafsiria Mitsue kwa mzaha, naye akauchukua kwa uzito, akamwendea mzee na kumwinamia mara nyingi kumsihi asifanye hivyo. Mzee aliridhika sana na heshima hiyo, akatupa tende.

Jioni alihesabu vinyoya vilivyobaki na kuvirudisha ndani ya kopo lake. Nilijua kwamba hatuna tena vya kupoteza.

Maskati na bandari ya mafuta

Meli ilitia nanga nje, tukateremshwa kwa mashua. Afisa wa forodha alizitoa raketi, akazigeuza, akazikwaruza nyuzi kama mtu anayejaribu udi wa taarabu, kisha akamuuliza Ami Nasor, aliyekuja kutupokea, chombo hiki kinapigwa katika ngoma gani. Ami akasema ni mchezo. Afisa akasema miezi michache nyuma angelazimika kuuliza kwa wakubwa, lakini siku hizi mambo yamefunguka, na akatuachia kwa furaha ya mtu anayejifunza madaraka mapya.

Ami Nasor amezeeka. Aliishi Dubai miaka yote hii, na sasa amepewa cheo katika ofisi ambayo meza yake bado iko njiani. Lango kubwa la mji halifungwi tena usiku, lakini yeye, kama wazee wa hapa, kila magharibi bado anatazama saa na kuuliza nani yuko nje.

Kesho yake alitupeleka bandari ya mafuta kwa gari la kuazima, barabara ikiwa nusu barabara na nusu nia. Bwana Hatano alitungojea mbele ya mabanda, amevaa kofia ya kazi. Hakuwa amemwona binti yake kwa miaka miwili. Nilirudi nyuma kidogo niwape nafasi ya kukumbatiana na kulia. Waliinamiana. Baba akamuuliza kama amekula. Mtoto akasema amekula. Basi, yakaisha, na mimi niliyekuwa nimeshatoa kitambaa nikajipangusia pua.

Wafanyakazi walifunga kamba baina ya mapipa mawili, Mitsue akashika raketi, na mimi nikasimama upande wa pili. Mahali pale hapana mti wala ukuta wa kuzuia upepo. Akipiga kushoto kinakwenda kulia, nikipiga mbele kinanirudia usoni. Kimoja kilipanda mpaka juu ya tangi na nadhani kingali huko. Wafanyakazi walikuwa wakishangilia kila kinyoya kilichopotea, kwa kuwa walidhani ndiyo shabaha ya mchezo. Mitsue hakumtazama baba yake hata kidogo. Baba alitazama saa, akasema kwa upole kwamba ameelewa.

Nilikasirika. Nilimwambia bwana huyo, kwa Kiingereza kile kile, kwamba alichokiona ni upepo, na upepo hauna haja ya ruhusa yake kuolewa wala kutoolewa. Nikamwambia Ami yangu ana nyumba yenye ua wa ndani, kuta zake ndefu, hata moshi wa mkaa unapanda wima. Aje Ijumaa. Jumamosi meli inaondoka nasi. Alikubali, nadhani kwa sababu hakuzoea kupigiwa kelele na mwanamke mwenye kitambaa cha kulilia mkononi.

Uani

Sasa nimweleze Bi Zuwena, mke wa Ami Nasor. Nyumba yao ya Unguja ilikuwa na uwanja wa badminton nyuma, na mimi na wengi wa rika langu tulijifunzia pale. Siku walipoondoka, wenzake walibeba dhahabu. Yeye gizani, kwa haraka, akabeba wavu wa badminton, akidhani ni chandarua. Wavu ule umelala sandukuni miaka sita na hajaruhusu mtu aucheke. Aliposikia habari ya Mitsue akaufungua, akaukung'uta, akautundika uani mwenyewe. Nilipoona ile kona niliyoishona mimi nikiwa mwanafunzi, nililia, na safari hii kitambaa kilipata kazi.

Mistari tuliichora kwa unga wa ngano. Kila kitu kilikuwa tayari kwa watu wanne na baba mmoja wa kutazama. Lakini Bi Zuwena hajui kuwa na mgeni kimyakimya. Alimwambia jirani, jirani akamwambia dada yake, na Ijumaa baada ya alasiri ua ulijaa wanawake wa mtaa mzima wamejipamba, wamepaka hina, wamefukizwa udi, halua imeshakatwa. Mchezo ulikuwa umegeuka shughuli. Na kwenye shughuli ya wanawake haingii mwanamume, awe amefanya safari ya Japani au ya mwezini.

Bwana Hatano alifika amevaa suti na kofia. Ami Nasor akampokea, akamkalisha chumba cha wageni cha wanaume, ukuta mmoja na sisi, kisha akaja mlangoni kujadiliana na mkewe.

"Wapishe nusu saa tu. Baba wa watu kaja kumtazama mwanawe."

"Nende nikawaambie watoke? Watu wamevaa, wamejinukisha, halua haijawafika bado. Mimi n'na uso wa kuwaambia hayo?"

"Sasa yeye ataona nini?"

"Asikilize," alisema Bi Zuwena. "Ukuta si mnene."

Nilipomweleza, Mitsue aliangalia ule ukuta, kisha akaanza kukaza kamba za viatu. Mimi nilikuwa nikitafuta hasira zangu za bandarini na sizioni. Ilikuwa nyumba ya Ami yangu.

Kabla hatujaanza, Bi Zuwena alinivuta pembeni. Alinikumbusha kwamba huyu ni mgeni, kavuka bahari, na mgeni hatoki nyumbani kwetu ameshindwa. Nisije nikajifanya bingwa. Nilijaribu kumweleza kwamba msichana huyu anaweza kunifunga akiwa ameshika sinia la chai mkono wa pili. Hakuamini. Ananikumbuka mimi wa Unguja, nikiwa na miaka kumi na saba, nashinda kila mtu mtaani. Nikasema haya, nitamwachia.

Basi nikamwachia. Nikapiga kwenye wavu, nikaomba radhi. Yeye akapiga nje ya mstari, akaomba radhi. Nikatuma kinyoya juu, chepesi, mahali pazuri pa kukimaliza, naye akanirudishia juu vile vile, kama tunapeana mtoto mchanga. Nilidhani ana woga. Ilinichukua karibu seti nzima kufahamu kwamba naye alikuwa akiniachia: amekula halua ya watu, amelala kwa watu, halafu amfunge mtoto wa nyumba mbele ya majirani? Mimi najitahidi kushindwa na yeye anajitahidi kushindwa, na kwa kuwa yeye ni hodari kuliko mimi katika kila jambo, alishindwa. Wanawake wakapiga vigelegele. Bi Zuwena alikuwa akinitazama kwa macho ya kunila.

Nilikwenda mlangoni kunywa maji. Ami Nasor alikuwa amesimama upande wa pili wa pazia na birika la kahawa.

"Bwana huyu hatikisi kikombe," alinong'ona. "Namimina, anakunywa. Namimina, anakunywa. Ntamuua."

Nilimwambia hajui kwamba kwetu kutikisa kikombe ndiyo kusema basi. Lakini mchezo, nikauliza, anausikia?

"Anausikia. Kasema ahsante, amefahamu. Kasema ni mchezo mzuri wa kupunga upepo, na binti yake atarudi kwao akaolewe."

Sikumaliza maji. Nilirudi uani nikamshika Mitsue mkono na kumsogeza karibu na wavu. Nilimwambia uongo, na niliupanga hapo hapo. Nilimwambia kwamba kwetu mgeni akimwachia mwenyeji, amemtukana. Amemwambia mbele ya watu kwamba yeye ni dhaifu. Nikamwambia amtazame Bi Zuwena.

Mitsue alimtazama. Bi Zuwena, Mungu ambariki, alikuwa amekunja uso kwa kunikasirikia mimi, na hakuna shahidi aliyepata kunifaa kuliko uso ule. Msichana alishtuka rangi ikamtoka. Alimwinamia Bi Zuwena, akaniinamia mimi, akazifunga nywele upya. Kisha akatoa kinyoya cha mwisho kizuri, kile alichokuwa amekificha chini kabisa ya kopo.

Mpigo wa kwanza sikuuona. Niliusikia, na kuta nne za ua ziliurudia, na mtoto wa mtu akaanza kulia. Nikageuka, kinyoya kiko sakafuni nyuma yangu, kwenye mstari wa unga. Wa pili nilinyoosha mkono baada ya kwisha. Wanawake ambao tangu waingie walikuwa wakizungumza kwa pamoja waliacha halua mikononi. Hapakuwa na sauti ila viatu vyake na ule mlio wa Karachi, mmoja baada ya mmoja, seremala asiyekosea msumari. Nilikimbia, nilianguka, nilijipaka unga mpaka nyusi. Mimi ni mwalimu wa michezo, nimeshinda vikombe mnavyovijua, na nawaambia sikupata pointi hata moja, na sijawahi kufurahi hivyo uwanjani tangu tulipoondoka Unguja. Nilitaka asimalize.

Alipomaliza, vigelegele vilivyopigwa sidhani kama harusi yoyote ya Maskati imevipata. Bi Zuwena peke yake hakupiga.

"Kala halua yetu," aliniambia, "katufunga nyumbani kwetu bila kutuachia hata pointi, na wewe unacheka."

Seti ya tatu haikuchezwa. Sikuwa na miguu ya kuchezea.

Langoni

Ami Nasor alinisimulia baadaye yaliyotokea kule kwa wanaume. Ulipolia mpigo wa kwanza, Bwana Hatano alikuwa amepeleka kikombe mdomoni. Alikishusha. Hakunywa tena, na kahawa ikapoa mkononi mwake, na Ami akakaa kwa mara ya kwanza tangu alasiri. Alikuwa ameinamisha kichwa upande wa ukuta, kama anavyofanya fundi anayesikiliza mashine. Ilipokwisha aliomba kujua aliyekuwa akipiga ni nani. Ami akamwambia kwamba yeye hayumo uani, lakini mtoto wa ndugu yake hapigi hivyo.

Tulimsindikiza mpaka kwenye gari. Yeye na binti yake walizungumza Kijapani kidogo, maneno machache tu. Mitsue aliinama na akabaki ameinama muda mrefu, na nilipoona mabega yake yakitikisika nikaelewa kwamba muuza miwani atamtafutia mwanawe mwengine. Kisha Bi Zuwena akamwita ndani. Alikuwa amemfungia halua ya safari kwenye kikapu, na pamoja na hasira zote zile, kikapu kilikuwa kizito.

Tulibaki langoni mimi na Bwana Hatano. Bado nilikuwa na unga usoni. Alivua kofia, akaivaa tena, akasema ana jambo la kuniuliza, kama sitaona ni ukosefu wa adabu. Mkataba wake una miaka miwili mingine. Hajui lini atamkuta binti yake nyumbani. Mimi nilikuwa mbele ya binti huyo, karibu kabisa, upande wa pili wa wavu.

"Anapopiga vile," aliniuliza, "anaonekanaje?"

Nilitaka kumpa jibu zuri. Lakini nilimwambia ukweli, kwamba seti nzima nilikuwa nikikitafuta kinyoya, na sikuwahi kuinua macho kumtazama yeye.

Aligeuka akautazama ule ukuta.

"Basi tuko wawili," alisema, "tusiomwona."